Kabla hujamweka mzazi nyumba ya wazee Marekani: nenda Jumamosi jioni, si Jumanne asubuhi

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za huko mliko. Wakubwa shikamooni.

Mwezi huu watu watatu wamenifuata pembeni na swali lilelile: "Dada, wewe unafanya kazi na wazee, kuna nyumba hapa ina nyota nne, tumpeleke mzee?" Wa tatu alinipigia saa nane usiku nikiwa kazini, mkono mmoja umeshika pampasi. Nikasema basi, naandika uzi, akiuliza mwingine natuma linki.

Kwa wasionijua: niko Minnesota, huu mwaka wa kumi na moja nabeba boksi. Miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa CNA, yaani muuguzi msaidizi. Sisi ndio tunaoogesha, tunaolisha, tunaomgeuza asiyejigeuza. Kozi yenyewe sheria ya shirikisho inadai saa 75 tu kwa uchache, unafanya mtihani, unakabidhiwa wazee. Najua kuna wanaotucheka humu kwamba tumevuka bahari kwenda kuosha wazungu. Chekeni. Ila siku unatafuta pa kumweka baba yako, muulize anayeosha, achana na yule wa mapokezi mwenye kahawa na biskuti.

Nimeajiriwa nyumba mbili, na kupitia wakala nimeshika zamu kwenye nyingine tano. Sitaji jina la hata moja, msiniulize.

Tuanze na nyota, maana ndizo zinazowapumbaza watu. CMS, ofisi ya serikali inayosimamia Medicare (bima ya wazee) na Medicaid (bima ya wasio na uwezo), ilianza kuzipa nyumba hizi nyota Desemba 2008. Ukiingia tovuti ya Medicare, sehemu ya Care Compare, unaziona, kuanzia moja hadi tano. Wengi wanaishia kwenye ile ya jumla. Ile ya jumla imepikwa kwa vitu vitatu, na kila kimoja kina nyota zake: ukaguzi, wafanyakazi, na vipimo vya ubora.

Ukaguzi ndio msingi. Wakaguzi wa jimbo huja bila kupiga hodi, na toka ukaguzi mmoja hadi mwingine haitakiwi kuzidi miezi 15. Sisi wa ndani lakini tunanusa. Ukishafika mwezi wa kumi tangu waje mara ya mwisho, kuta zinaanza kupakwa rangi, na meneja ambaye hujawahi kumwona kwenye korido leo kavaa glovu anagawa trei za chakula. Pamoja na hayo, hapa ndipo ninapopaamini kuliko kwingine, kwa sababu aliyeandika ni mtu wa nje. Jambo moja watu hawalijui: nyota za ukaguzi zinapangwa ndani ya jimbo. Asilimia 10 ya juu wanapewa tano, asilimia 20 ya chini wanapewa moja, waliobaki wanagawana za katikati. Kwa hiyo nyota nne za Minnesota na nyota nne za Texas si ndugu kabisa.

Wafanyakazi: zamani nyumba ilijisemea yenyewe ina watu wangapi. Tangu 2016 wanatuma rekodi za mishahara, ambazo kuzidanganya ni kazi kidogo. Na tangu 2022 wanahesabu pia wikendi, na wafanyakazi wangapi wanaacha kazi kwa mwaka. Mimi hivi viwili ndivyo ninavyoanza navyo, kabla hata ya kuangalia picha za bustani. Ila ujue kwamba kwenye saa za wauguzi, hata yule mkuu wa wauguzi anayeshinda ofisini kwenye vikao anahesabiwa.

Vipimo vya ubora, hapo ndipo penye utamu. Nani kaanguka, nani ana kidonda, nani kapungua. Sehemu kubwa nyumba inajaza yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua malipo ya hospitali ya wazee walioanguka na kuumia vibaya, wakayalinganisha na fomu zilizojazwa na nyumba zao. Karibu asilimia 58 tu ya matukio ndiyo yalikuwa yameandikwa. Kwa hiyo ukikuta ukaguzi nyota mbili, vipimo vya ubora nyota tano, na jumla yake inapendeza, ujue pale anayejua kazi kuliko wote ni anayejaza fomu.

Sasa niwape kisa kimoja.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, theluji magotini. Wakala wakanituma nyumba ya nyota nne, ukumbi mzuri, mahali pa moto, kasuku ndani ya tundu. Ghorofa niliyopangiwa ilikuwa na wazee 31. CNA tulitakiwa wanne. Wawili walipiga simu hawaji, tukabaki wawili. Chakula cha jioni kinaletwa saa kumi na moja, na kati ya wale 31, saba hawawezi kujilisha. Piga hesabu mwenyewe. Nilikuwa namlisha mmoja huku wa pili anaangalia supu yake inaganda, na taa ya kuita juu ya mlango wa chumba cha pembeni inawaka, inawaka, inawaka.

Usiku nikampandisha kitandani bibi mmoja, mpole, anapenda kukaa dirishani. Kumvua soksi nikakuta bandeji kisiginoni. Wauguzi wakifunga kidonda huandika tarehe na herufi za majina yao juu ya bandeji kwa kalamu. Ile ilitakiwa kubadilishwa kila siku. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya Jumanne. Nikamwita muuguzi wa zamu, naye wa wakala kama mimi, akafungua kompyuta: Jumatano imetiwa saini, Alhamisi imetiwa saini, Ijumaa imetiwa saini. Tukatazamana. Harufu ilipotoka chini ya ile bandeji sikuhitaji kuambiwa.

Mwanawe bibi yule alikuwa anakuja kila Jumanne asubuhi. Bila kukosa, na maua.

Ndiyo maana nasema nenda Jumamosi jioni. Ofisi zimefungwa, wakubwa wako kwao, ndipo nyumba inavaa nguo zake za kulalia. Ukifika, tafuta ukutani karatasi ya wafanyakazi wa siku hiyo. Sheria ya shirikisho inalazimisha ibandikwe kila siku, kwa kila zamu: wazee wangapi wamo, wauguzi wangapi, CNA wangapi, saa ngapi. Kama imebandikwa ya Alhamisi iliyopita, nusu ya jibu umeshalipata. Kama ni ya leo, jumlisha saa zote ugawanye kwa idadi ya wazee. Utafiti wa CMS wenyewe wa 2001 ulisema chini ya saa 4.1 kwa mzee kwa siku, mambo yanaanza kuharibika. Serikali ya Biden ilipitisha mwaka 2024 kiwango cha lazima cha saa 3.48, wenye nyumba wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa Texas akakifuta. Kwa hiyo kwa sheria ya shirikisho tumerudi kulekule: muuguzi mwenye sifa kamili saa 8 kwa siku, muuguzi wa leseni yoyote saa 24, na wengine "wa kutosha". Kutosha kwa nani, hawasemi.

Ripoti ya ukaguzi wa mwisho nayo lazima iwekwe mahali unapoweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Makosa yanapewa herufi toka A hadi L. Ukikuta D kadhaa usikimbie, hizo wanazo karibu wote. G kwenda mbele simama usome: G maana yake mtu kaumia kweli. J, K na L, maisha ya mtu yaliwekwa hatarini. Na huko kwenye tovuti, ukiona alama ya mkono ndani ya duara jekundu kando ya jina, ni unyanyasaji. Waliianzisha Oktoba 2019. Hiyo funga ukurasa uende nyingine.

Naenda kulala, zamu inaanza saa tano. Maswali wekeni, nitajibu nikiamka.

KigomaKwanza

Nimekaa siti ya mbele. Uzi huu uwekewe pini.

MtotoWaMama

Dada umeandika vizuri, ila mimi hapo pa kumpeleka mama yangu kwa watu baki simo. Kanilea mgongoni, leo nimlipie mzungu amwogeshe? Tutakuja kulaaniwa.

ZamuYaUsiku

MtotoWaMama, sijakuambia umpeleke. Ila mama akiwa hajui mchana na usiku, anatoka nje saa tisa usiku kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, wewe na mkeo mna kazi mbili kila mmoja, kumfungia ndani peke yake nako sijui kama ni baraka. Nimeona wote wawili, aliyetelekezwa na watoto na aliyefungiwa na watoto wanaompenda. Tuliache hilo, tutamaliza kurasa kumi bila kufika.

NesiWaLowell

Salamu kutoka Massachusetts, mimi ni Mkenya, nesi wa leseni, nimefanya hii kazi miaka kumi na minne, na mwaka mmoja na nusu wa hiyo nilikuwa nikijaza hizo fomu ambazo ZamuYaUsiku anazitukana. Wacha nitetee kidogo. Si ati kila mtu anadanganya. Mara nyingi mtu wa fomu hajaambiwa. CNA ameona kidonda, amechoka, amemwambia nesi kwa mdomo wakipishana mlangoni, nesi ana wagonjwa thelathini na dawa zimechelewa, maneno yanapotelea hapo. Nyumba mbaya ni ile maneno hupotelea kila siku.

Na huyo nesi wa bandeji ya Jumanne simtetei. Kutia saini kitu hujafanya, hiyo leseni inaenda.

Nitaongeza mambo mawili. La kwanza ni uzito. Uliza wanampima mzee mara ngapi, halafu uwe na daftari lako. Akipoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi, au 10 kwa miezi sita, sisi huhesabu hiyo ni shida kubwa na daktari lazima ajulishwe. Mzee wa kilo 60 akirudi 57 kwa mwezi, usikubali kuambiwa "uzee". Uliza nani humlisha, meno yake yako wapi, na chakula hufika kikiwa moto ama baridi. Nimewahi kukuta meno ya mzee kwenye kikombe juu ya kabati wiki nzima, na kwenye faili imeandikwa "anakataa chakula".

La pili ni dawa za kutuliza. Mzee mwenye dimensia, ule ugonjwa wa kusahau, anapiga kelele, anapewa dawa za wagonjwa wa akili, ananyamaza, kila mtu anafurahi. Asilimia ya wazee wanaopewa hizo dawa huhesabiwa kwenye nyota, isipokuwa kama mtu ana skizofrenia. Sasa ukaanza kuona wazee wa miaka 84 wanapata skizofrenia ghafla, ugonjwa ambao kwa kawaida humwanza mtu akiwa kijana. CMS wameshtuka, tangu 2023 wanakagua hizo rekodi, na nyumba ikipatikana inakatwa nyota. Kwa hivyo ukimtembelea mama saa nne asubuhi na amelala, saa nane amelala, kesho yake amelala, omba orodha ya dawa. Una haki nayo kama wewe ndiye anayemsimamia.

ZamuYaUsiku

NesiWaLowell, nimekubali, nilikuwa na hasira wakati naandika. Hilo la meno limeniua. Nitaongeza miwani na vifaa vya kusikilizia. Kila nyumba ina droo moja imejaa miwani isiyo na wenyewe.

BabaWawiliDallas

Wakuu nina haraka, msaada tafadhali. Baba yangu, miaka 78, kiharusi upande wa kulia, yuko hospitali siku ya tano. Yuko hapa na green card mwaka wa nane, Medicare tunailipia. Leo kaja dada wa hospitali kanipa karatasi ya nyumba 23, anasema nichague mbili hadi kesho saa sita mchana. Nichagueje kati ya 23 kwa usiku mmoja? Na gharama ikoje?

ZamuYaUsiku

Pole sana kaka, Mungu amponye mzee.

Kwanza uliza swali hili leo hii: "Amelazwa rasmi au yuko chini ya uangalizi?" Medicare ya kawaida inataka siku tatu za kulazwa rasmi ndipo ilipie nyumba. Za uangalizi hazihesabiki hata kama amelala kitanda kilekile na kuvaa gauni lilelile. Watu wamelia kwa hilo. Akiwa sawa, siku 20 za kwanza inalipa yote, ya 21 hadi ya 100 mnachangia kila siku, na si ahadi ya siku 100, ni mwisho wake. Inaendelea kulipa pale tu anapohitaji uuguzi au mazoezi ya kila siku. Baada ya hapo ni mfuko wako au Medicaid. Wenye wazazi ambao green card yao haijafika miaka mitano, majimbo mengi Medicaid kamili hawaipati, kwa hiyo ulizeni mapema kabla maji hayajafika shingoni.

Kuhusu zile 23: ondoa zote za nyota moja kwenye ukaguzi na zenye mkono mwekundu. Ondoa zilizo mbali zaidi ya dakika 25 kwa gari. Sikutanii. Nyumba ya nyota tatu unayoweza kupita ukitoka kazini inamfaa mzee kuliko ya tano utakayofika mara moja kwa mwezi, kwa sababu wafanyakazi tunajua nani ana ndugu wanaokuja. Sipendi kulisema hili lakini ndivyo lilivyo. Zitabaki tano au sita. Angalia wikendi na wanaoacha kazi. Zitabaki mbili. Omba muda hadi Jumapili, hospitali hazipendi ila ukiomba kwa adabu mara nyingi wanapata sababu.

Ukiingia, usimuulize meneja kama wana watu wa kutosha. Mkamate CNA mmoja kwenye korido, msalimie, muulize: "Leo una wangapi?" Akisema wanane, tisa, mchana, ni kawaida. Akisema kumi na tano huku anatembea bila kukuangalia, umeelewa. Halafu: "Huwa unapangiwa haohao kila siku?" Hilo ndilo swali langu la roho. Mtu anayemwogesha mzee yuleyule kila siku ndiye atakayesema "leo hajamalizia uji wake, jana mguu haukuwa mwekundu hivi."

BiTatuLeeds

Sie tulio Uingereza huku hatuna nyota, tuna CQC, wakaguzi wa nyumba hizi, na madaraja manne: bora sana, nzuri, inahitaji marekebisho, haifai. Hiyo ni England. Scotland wana wakaguzi wao na wanatoa alama 1 hadi 6. Hao CQC wanauliza mambo matano, pana usalama, huduma inafaa, kuna huruma, wanamsikiliza mtu, na uongozi ukoje. Miye huruka moja kwa moja kwenye uongozi. Nyumba niliyokuwapo ilibandika "nzuri" mlangoni kwa fremu ya dhahabu, kusoma tarehe, ukaguzi wa miaka minne nyuma. Meneja aliyeipata hiyo "nzuri" keshaondoka, na wawili baada yake washaondoka. Basi huku kwetu someni tarehe kwanza, daraja baadaye.

Na harufu, mbona hamjaitaja?

ZamuYaUsiku

Bi Tatu, nimeiacha makusudi maana watu wanaielewa vibaya. Mkojo unaonusa kwenye chumba kimoja saa moja asubuhi ni kazi inaendelea, wazee wanaamshwa. Mkojo unaonusa koridoni saa tisa mchana uko kwenye zulia, na umo humo siku nyingi. Na nyumba inayonukia marashi kila kona nayo inanitia wasiwasi.

MpembaAsili

Nauliza kwa upande wetu. Zanzibar tuna nyumba za serikali, Sebleni na Welezo Unguja, Limbani huku Pemba. Bara nako wana makazi ya wazee. Hakuna nyota, hakuna tovuti. Mtu akenda kumtazama mzee wake, au akenda na sadaka ya Idi kama tunavyofanya, aangalie nini? Au haya ya kwenu hayatuhusu?

ZamuYaUsiku

Sheikh, yanawahusu kuliko sisi, maana hamna mtu wa kuwaandikia. Angalieni vile visivyohitaji karatasi. Mshike mzee mkono kama unamsalimia, utazame kucha. Kucha ndefu zenye uchafu chini maana yake kuogeshwa ni kumwagiwa maji tu. Tazama kikombe cha maji kiko wapi: mezani mbali na kitanda, au pale mkono wake mzima unapofika? Hili hata kwenye nyumba za dola elfu kumi kwa mwezi nimelikuta, jagi limejaa, barafu imeyeyuka, midomo ya mzee imepasuka, na jagi liko upande wa mkono uliopooza. Asiyeweza kujigeuza, omba uone visigino na sehemu ya juu ya makalio. Pale ndipo vidonda vya kulalia vinapoanzia, huanza kama wekundu usiofifia ukibonyeza, na kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, gusa, utasikia joto au ugumu. Na sikiliza wanavyomwita. Kama ana jina, au ni "yule wa kitanda cha tatu".

MpembaAsili

Ahsante. Nitakwenda Ijumaa baada ya sala.

KigomaKwanza

Swali: kwa nini msiweke kamera chumbani mkamaliza ubishi?

NesiWaLowell

Inategemea jimbo. Texas wameruhusu tangu 2001, Minnesota kwa dada ZamuYaUsiku sheria ilianza Januari 2020. Lazima mzee mwenyewe akubali kama akili iko, na wa kitanda cha pili pia akubali, kwa sababu hata yeye huvuliwa nguo humo. Mimi sina shida nazo. Lakini kamera itakuonyesha mtu akipigwa, haitakuonyesha kwamba hakuna aliyeingia kwa saa sita, isipokuwa ukae uangalie hizo saa sita.

Kabla ya kamera, kila jimbo lina mtetezi wa wakaazi, wao humwita ombudsman, huduma ya bure, na hawezi kutoa siri yako bila ruhusa. Mpigie hata kabla ya kuchagua nyumba, muulize ni malalamiko gani husikia kutoka kwa zile mbili ulizobakisha.

BabaWawiliDallas

Wakuu nimerudi. Nilipewa hadi Jumatatu. Nimeenda jana Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, nyumba mbili.

Ya kwanza, nyota tano. Mlangoni hakuna mtu, nikabonyeza kengele dakika nane. Karatasi ya wafanyakazi ilikuwepo, ya Ijumaa. Kwenye ukumbi wa chakula wazee kama ishirini, televisheni kubwa, binti mmoja amesimama katikati ya meza mbili anawalisha wawili kwa zamu huku amesimama wima, kijiko huku, kijiko kule. Nikamuuliza ana wangapi leo. Akasema, "Wewe ni wa familia ya nani?"

Ya pili nyota tatu. Jengo la zamani, zulia limechakaa, lifti inalia kama mbuzi. Karatasi ilikuwa ya Jumamosi hiyohiyo, nikapiga hesabu nikapata saa 3.9. Ripoti ya ukaguzi iko kwenye faili mezani, nikaisoma yote, D nne, F moja ya jikoni, hakuna G. Taa ya chumba ikawaka nikaangalia saa: dakika nne mtu akaingia. Aliyekuwa analisha alikuwa amekaa, na mzee mmoja anamgombeza kuhusu mpira wa Cowboys naye anamjibu.

Kisha nikasikia mtu anasema "pole pole mama, usiogope" kule mwisho wa korido. Nikadhani naota. Ni dada wa Bukavu, CNA wa zamu ya jioni. Kiswahili chake cha Kongo kile, cha "mi niko natumika hapa". Nusura nilie.

ZamuYaUsiku

Ulimuuliza yuko pale tangu lini?

BabaWawiliDallas

Miaka sita. Korido ileile. Kasema watu wanne wa zamu yake wote wamepita miaka mitatu.

Meneja nimempata kwa simu leo, kitanda kipo, kesho nasaini. Kaniambia karatasi ni nyingi kidogo, kurasa arobaini na kitu.

NesiWaLowell

Kabla hujatoka, uliza mkutano wa mpango wake wa matunzo ni lini. Mpango wa mwanzo lazima uwe tayari ndani ya saa 48 na una haki ya nakala. Enda na daftari. Andika uzito wa siku ya kwanza.

ZamuYaUsiku

Na katika hizo kurasa arobaini, kuna moja ya usuluhishi, inayosema kukiwa na mgogoro hutaenda mahakamani. Wanaisukuma katikati ya nyingine kama vile ni fomu ya chakula. Irudishe bila saini. Hawaruhusiwi kumnyima kitanda kwa hilo.

Msalimie dada wa Bukavu.